Samaki wa Madoido Chini ya Uluguru

Samaki wa dhahabu wa madoido ni kiumbe ambaye binadamu amemfinyanga kwa karibu miaka elfu moja, na kila alichoongezewa ili apendeze machoni petu kimemnyang'anya uwezo fulani. Tumbo la duara limembana utumbo. Mkia mpana wa pande mbili umemwondolea mbio. Macho yaliyotokeza nje yamempunguzia kuona. Kwa sababu hiyo ushauri wa jumla kuhusu ufugaji wa samaki haumtoshi anayeanza. Inabidi amtazame samaki aliyemchagua kiungo kwa kiungo, aulize kila kiungo kinadai nini, kisha atazame maji na joto la mahali anapoishi. Mahali petu ni Morogoro: mji wa joto uliokaa kwenye kimo cha mita 500 hivi, ukiegemea mlima wenye baridi na mito.

Asili yake ni samaki wa rangi ya kijivu wa Uchina, wa ukoo wa kapi. Katika enzi ya Song, iliyodumu kutoka mwaka 960 hadi 1279, Wachina walikuwa wakiwatenga wale waliozaliwa na rangi ya njano au nyekundu na kuwafuga kwenye mabwawa ya mahekalu na ya watawala. Enzi ya Ming (1368–1644) ikawaingiza majumbani, ndani ya mitungi ya kauri. Ni enzi ile ile iliyompokea twiga wa Malindi mwaka 1415, na iliyotuachia vigae vya sahani na mabakuli vinavyofukuliwa Gedi na Kilwa. Ndani ya mitungi, mbali na ndege na samaki wakali, kasoro ambazo mtoni zingemwangamiza samaki zilianza kutunzwa na kuzalishwa. Watu waliwatazama kutoka juu, si kwa ubavu, ndiyo maana baadhi ya aina huonyesha uzuri wao wote mgongoni na mkiani. Japani iliwapokea ikawazalisha kwa namna yake, Ulaya ikawapata karne ya 17, na Charles Darwin akawajadili katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea inayofugwa. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa mkia wa pande mbili unatokana na badiliko katika jeni moja, iitwayo chordin, ambayo kazi yake ni kupanga upande wa mgongo na upande wa tumbo wakati kiinitete kinakua. Samaki mwingine aliyezaliwa hivyo porini angeliwa mapema. Huyu alipewa mtungi.

Tuanze na mkia, basi. Oranda na ryukin, aina mbili utakazokutana nazo zaidi, huogelea kwa kutikisa mwili mzima na bado husogea polepole. Usimweke pamoja na samaki wa dhahabu wa kawaida, mwenye mkia mmoja na mwili mrefu, kwa sababu huyo atamaliza chakula kabla mwenzake hajageuka. Usimweke na perege wala sato. Wazo hilo huja kirahisi Morogoro, kwa kuwa Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji Kingolwira kipo jirani na vifaranga vinapatikana, lakini samaki wa jamii ya perege hugombania eneo na hutafuna mapezi yanayoning'inia. Mkondo wa pampu nao uwe mpole. Ukimwona samaki amejibana kona moja siku nzima, elekeza mdomo wa pampu kwenye kioo ili nguvu ya maji ivunjike.

Macho ya teleskopu, yule mweusi ambaye watoto humpenda, yamesimama nje ya kichwa bila kinga. Ondoa kila chenye ncha ndani ya tangi: mawe yaliyovunjwa, majumba ya plastiki, makombe yenye makali. Kwa kuwa haoni vizuri, mpe chakula mahali palepale kila siku, naye atapazoea. Wapo pia samaki wenye vifuko vya maji chini ya macho, vinavyotikisika kila wanaposogea. Hao simshauri mtu anayeanza awanunue, na kwa kweli sioni kwa nini waendelee kuzalishwa. Kifuko kikichanika kwenye bomba la chujio, samaki anaumia kwa jambo ambalo hakuna kiumbe alilihitaji isipokuwa mtazamaji.

Oranda ana nundu ya nyama kichwani ambayo huendelea kukua kadiri anavyozeeka, na kwa baadhi yao hufunika macho. Usiikate. Msogezee chakula karibu, na uhakikishe maji ni safi, kwa sababu uchafu hujificha katika mikunjo yake.

Lakini kiungo kinachowaua wengi ni tumbo. Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo wa kuhifadhia chakula. Anachomeza kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo mrefu, na ameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa, akichokonoa tope na majani. Ndani ya mwili wa duara utumbo huo umebanwa pamoja na kibofu cha hewa, kile kinachomwezesha kubaki wima na kuelea kwenye kina anachotaka. Kibofu kimeunganishwa na njia ya chakula kwa mrija, hivyo samaki anayedokoa chakula kinachoelea juu humeza hewa pamoja nacho. Akila kupita kiasi, akivimbiwa, utamkuta ameelea kichwa chini au amelala ubavu juu ya maji, akihangaika kushuka. Chagua chakula kinachozama. Kama ni vidonge vikavu, viloweke dakika chache kwanza. Mpe mara mbili kwa siku, kiasi ambacho kimekwisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa juma asipewe kitu.

Katika jambo la chakula, anayeishi Morogoro ana bahati. Njegere zinazoshuka kutoka Mgeta hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu ni chakula bora kwa samaki huyu. Chemsha chache bila chumvi hadi zilainike, menya ganda, zipondeponde, mpe. Nyuzi zake husukuma utumbo. Mchicha uliochemshwa unafaa vilevile, na viluwiluwi vya mbu atavila kwa furaha, mradi vimetoka kwenye maji unayoyaamini. Ugali na mkate acha kabisa: humeguka, huchacha, na kuharibu maji kwa usiku mmoja.

Hapo tumefika kwenye maji, na hapa nitakaa zaidi.

Samaki huyu hula sana, na taka ya mwili wake hutoka kwa sehemu kubwa kupitia matamvua ikiwa amonia. Amonia humchoma kuanzia kwenye matamvua yenyewe. Mtoni huchukuliwa na mkondo; ndani ya tangi hubaki. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota kwenye sifongo la chujio, kwenye changarawe, hata kwenye kioo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi uibadilishe pamoja na sehemu ya maji. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, hata kama maji yanang'aa. Watu hununua tangi asubuhi na samaki mchana, kisha baada ya siku kadhaa samaki anahema juu ya maji, mapezi yana wekundu, na lawama zinaenda kwa muuzaji au kwa bomba. Sumu ilikuwa imejikusanya bila rangi na bila harufu.

Kwa hiyo weka tangi likiwa na maji bila samaki. Washa pampu na chujio, dondosha punje chache za chakula kila siku zioze, na upime maji kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda kisha itashuka, nitriti itafuata njia hiyo hiyo, na ikishafika sifuri huku nitrati ikionekana, tangi liko tayari. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, na joto la Morogoro husaidia kidogo kwa kuwa bakteria hawa huongezeka haraka zaidi kwenye maji ya uvuguvugu kuliko kwenye baridi. Mwenzako mwenye samaki wenye afya akikupa kipande cha sifongo lake la zamani, muda huo unaweza kupungua sana. Usilichukue sifongo wala tope kutoka kwenye bwawa la perege, utaleta vimelea. Na ukilisafisha sifongo lako, likamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Ukilisuuza bombani, klorini inayotukinga sisi na kipindupindu itawaua wafanyakazi wako wote.

Klorini hiyo inamdhuru samaki pia. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo au pipa lililo wazi kwa saa 24, vizuri zaidi yakipuliziwa hewa, kabla hayajaingia tangini. Ikiwa dawa iliyotumika ni kloramini, kusubiri hakutasaidia, na utahitaji dawa ya matone ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, miteremko ya Uluguru inapoporomosha udongo na mito kuwa ya kahawia, usibadilishe maji kwa pupa siku ya mvua kubwa. Jaza simtanki mapema, acha tope litulie, tumia maji ya juu.

Maji yanayoshuka kutoka Uluguru yana tabia nyingine inayompasa mfugaji aijue. Sehemu kubwa ya mlima huu ni miamba migumu ya kale isiyoyeyuka kirahisi, kwa hiyo vijito vyake hubeba madini machache. Mvua inayokingwa kwenye bati ina madini machache zaidi. Kwa mnywaji ni maji matamu. Kwa samaki wa dhahabu, anayependa pH ya kati ya 7 na 8 na ugumu wa wastani, maji hayo yana hatari iliyofichika: asidi inayozalishwa na bakteria haipati cha kuizuia, na pH inaweza kuporomoka ghafla. Mfuko mdogo wa makombe ya baharini yaliyopondwa, ukiwekwa ndani ya chujio, huyeyuka taratibu na kuisimamisha pH. Anayechota maji ya kisima apime kwanza, maana visima vingi vina chumvi na madini tele na hapo makombe hayahitajiki. Hesabu yenyewe ina uzito wake: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Maji magumu na tangi changa ni mchanganyiko mbaya kuliko maji laini na tangi changa.

Kisha kuna joto. Aina hizi hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 23. Mjini Morogoro, kuanzia Oktoba hadi Februari, hewa ya mchana hupita nyuzi 30 na tangi lililo sebuleni huifuata. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 uwezo huo unashuka hadi kama 7.5, wakati samaki mwenyewe, kwa joto hilo hilo, anahitaji oksijeni zaidi. Hewa ndiyo dawa ya kwanza: pampu yenye jiwe la mapovu iwe inafanya kazi usiku na mchana. Weka tangi mbali na dirisha la magharibi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji yasiyofunikwa huyapoza kwa nyuzi mbili hadi nne, kwa gharama ya maji yanayopungua na kuhitaji kujazwa. Umeme ukikatika, punguza chakula hadi urudi, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Pampu ndogo ya betri ikiwepo, ndio wakati wake.

Mlima hubadilisha hesabu hii yote. Anayeishi juu, kuelekea Morningside au upande wa Mgeta, ana usiku wa baridi mwaka mzima na maji ambayo hayachemki mchana. Naamini mahali pazuri kuliko pote mkoani kwa samaki huyu ni uani huko milimani, ndani ya karo la saruji lenye kivuli. Saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH kupita kiasi, hivyo karo lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki chache kabla ya samaki kuingia. Lifunikwe kwa wavu. Mdiria na fundichuma wanajua kuvua, paka pia, na samaki mwekundu anayeogelea polepole hana pa kujificha. Maji ya uani yasiyo na samaki huzaa mbu. Yenye samaki wa dhahabu huliwa viluwiluwi vyake, jambo ambalo kwa mkoa wenye malaria ni faida kubwa.

Ukubwa, sasa. Bakuli la duara lisahaulike. Samaki huyu akitunzwa hufika sentimita 15 hadi 20 na anaweza kuishi miaka 10 au zaidi, na bakuli halina nafasi ya maji, ya hewa wala ya chujio. Kwa samaki wawili tafuta tangi la lita 150 au zaidi. Lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na maji ya kina cha 40 linabeba lita 160. Maji hayo peke yake ni kilo 160, kwa hiyo meza ya runinga haifai. Fundi wa vyuma akuchomelee stendi, chini ya tangi uweke ubao na godoro jembamba la sifongo. Fundi kioo anaweza kukutengenezea tangi kwa silikoni, mradi silikoni isiwe ile yenye dawa ya ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Kila wiki badilisha robo hadi theluthi ya maji.

Dukani chagua kwa subira. Samaki mzima hukaa sawa majini bila kuinama, hufungua mapezi, huja kutazama mkono wako. Epuka tangi ambalo ndani yake hata mmoja amekufa, wapo wanaojikuna kwenye mawe, au wana vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi. Vidoa hivyo ni kimelea ambacho mzunguko wake wa maisha huenda mbio kwenye maji ya joto, hivyo kwetu huenea haraka. Wengi huwaleta kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 190. Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla, wafungwe kwenye mfuko wenye oksijeni, na mfuko ukae ndani ya sanduku la kutunzia baridi. Wakifika, wape beseni lao peke yao kwa wiki tatu au nne, lenye hewa na chujio dogo, na chumvi ya mawe isiyo na madini joto kiasi cha gramu 2 hadi 3 kwa lita. Vifo vingi vya tangi zima huletwa na samaki mmoja aliyeingizwa siku hiyo hiyo aliyonunuliwa. Ukikwama, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo hapo hapo mjini na kinafundisha ukuzaji viumbe maji. Wataalamu wa perege wanaelewa amonia na matamvua kuliko mtu yeyote utakayemkuta njiani.

Kwa anayeanza ningechagua ryukin wawili wadogo, au wawili wa aina iliyo rahisi zaidi, wenye mkia wa pande mbili bila nundu wala macho ya nje. Rangi isiwe kigezo, maana hubadilika: weusi wengi hugeuka shaba, na wekundu wengine huwa weupe.

Limebaki jambo la mwisho, nalo linahusu mlima wenyewe. Vijito vya Uluguru huingia Ngerengere na Ruvu, na Ngerengere nayo huishia Ruvu, ambayo ndiyo hulinywesha jiji la Dar es Salaam. Katika mabonde ya Wami, Ruvu na Rufiji yupo perege wa asili, Oreochromis urolepis, ambaye tayari ameanza kuchanganyika damu na sato wa kuletwa waliotoroka kwenye mabwawa. Katika madimbwi ya msimu ya bonde la Ruvu kuna samaki wadogo wa rangi, wa jenasi ya Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri kwenye tope kavu hadi mvua irudi. Hao ndio samaki wa mapambo waliozaliwa nyumbani, na wafugaji wa Ulaya huwathamini kama wanavyowathamini samaki wa Ziwa Tanganyika. Samaki wa dhahabu aliyetupwa mtoni huenda akaliwa na kambale siku hiyo hiyo, lakini anaweza pia kuacha vimelea vyake, na akipona na kuzaa, vizazi vyake hurudia umbo refu la mababu na kustawi. Hilo limetokea katika nchi nyingi ambako walitupwa, na Madagaska wamekuwa porini tangu karne ya 19.

Usiyeweza kuendelea kumtunza, mpe mfugaji mwingine au mrudishe dukani. Aliyekufa mzike bustanini, asitupwe mferejini. Maji unayoyatoa tangini kila wiki yana nitrati, ambayo ni mbolea: yamwagie migomba au mchicha, mbali na mfereji unaoelekea mtoni.